Kijiko cha Mawese

Babu, amahoro, amani iwe nawe pale ulipo.

Nakuandikia kwa haya. Ungekuwa hai nisingethubutu kukuangalia usoni.

Unakumbuka baada ya kile kiharusi ulikuwa unapaliwa hata na chai. Nimonia ilipokushika, majirani wote hapa Rumonge wakasema una bahati, mujukuu wako ni muuguzi. Na mimi nikavimba kichwa. Nilianza na amoksilini, homa ikagoma kushuka. Nikapanda hadi sindano ya seftriaksoni. Halafu nikaongeza metronidazoli, nikijisemea mzee aliyepaliwa anapeleka wadudu wa mdomoni mpaka mapafuni. Kila nilipobadilisha dawa, Shangazi Zena aliniombea dua.

Na kila asubuhi Shangazi huyohuyo alikuwa anakulaza chali, anakumiminia kijiko cha mawese ya uvuguvugu, eti ya kusafisha kifua. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha, Babu, kule Kigwena: mutoto akikohoa, kijiko. Nilikuwa nakufuta ndevu zilizogeuka rangi ya chungwa, kisha naenda kuchagua sindano nyingine. Nilijua yanaingia mapafuni. Dawa ya kuua wadudu itatoaje mafuta, jamani? Lakini Shangazi ndiye aliyenilea. Ningemwambiaje kwamba mkono wake unakuumiza? Nikanyamaza, na wewe ukaenda.

Sasa Bibi naye ameanza kupaliwa. Leo asubuhi nimekuta mawese yapo motoni na Bibi amelazwa tayari. Nikamshika Shangazi mkono. Nikamwambia yote, kwamba wakati wako nilikuwa naona na nilinyamaza.

Hakulia. Aliweka kijiko chini, akaniuliza polepole, "Na ile chupa ya mwisho ya mawese ya Babu, si uliileta wewe?"

Ndiyo, Babu. Niliileta mimi. Aliniagiza, nikapita sokoni nikitoka kazini, nikachagua ile nyekundu nzuri.

Tumemkalisha Bibi wima na mito, akanywa uji mzito kidogo kidogo, hakukohoa. Shangazi hajanisemesha mpaka sasa.

Nakuahidi: sitamwandikia mzee yeyote dawa kabla sijauliza nini kinaingia mdomoni mwake, na anakila amelala au amekaa. Nitauliza hata kama anayemlisha ni mtu aliyenibeba mgongoni.

Mungu akupanulie kaburi lako, Babu. Unisamehe ukiweza. Shangazi bado hajaweza.

Mujukuu wako,
Salma