Kompyuta ya Kwenye Bango

Jumatatu, 3 Machi
Nimenunua! Ile ya kwenye bango la njia panda — nyembamba, ya kijivu, yule dada kakaa nayo anacheka, nguo haina hata uzi mmoja ulioning'inia. Miezi miwili napita pale kila asubuhi, najiona mimi. Muuzaji aliniuliza naifanyia kazi gani. Nikamjibu, kazi za kisasa. Ile kuukuu nimemwachia shangazi aiuze kwa watu wa vyuma chakavu.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Programu ya kudarizi haiingii! Fundi kompyuta anasema huu ni mfumo mwingine kabisa, na mashine yangu ya kudarizi inasikilizana na ule wa zamani tu. Nembo mia tatu za sare za shule zinatakiwa Jumatatu asubuhi. Nikishindwa, kazi ya mwaka mzima inaenda kwa jirani. Fundi akauliza kwa nini nilichagua hii. Utamwambiaje mtu mzima kwamba ulipenda kicheko cha bango?

Ijumaa, 7 Machi
Shangazi! Mungu ampe umri mrefu. Hakuiuza! Kaitoa chini ya marobota ya kitambaa, kaifunga shuka vizuri. Nililia, sioni haya. Anasema kwake cherehani ya zamani haitoki mlangoni mpaka mpya imalize oda moja.
"Na hiyo yako imemaliza nini, mwanangu?"
Nikaiwasha ile kuukuu. Imewaka, kwa kujikongoja, lakini imewaka. Nembo arobaini kabla ya jua kuzama. Ahsante, ahsante, ahsante.

Jumamosi, 8 Machi
Nembo 212. Shangazi anakata nyuzi, mimi nabadilisha rangi, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Kompyuta mpya anaiita bibi harusi — inapendeza, jikoni haijaingia.

Sasa hivi kaja muuzaji na mpiga picha. Wanatengeneza bango jipya, wanataka mafundi wa kweli. Nikae na ile ya kijivu, nicheke. Mji mzima utaniona! Moyo umeruka, nisijidanganye. Ila mpiga picha anataka ile kuukuu, anaiita takataka, iondoke mezani, dakika kumi tu. Kuiondoa ni kuizima, na ikizimwa sijui kama itawaka tena. Shangazi kashika mkasi, ananitazama.

Nimewaambia wanisubiri, kuna kitu naandika. Ndicho hiki. Taa zao zimeshawashwa, sindano iko katikati ya nembo ya 213. Na mimi — aibu yangu — nimeshajipaka poda.