Sauti ya Mzee Mativo Iliyofutika Jericho

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa kituo cha polisi, Eastlands, Nairobi, Jumatano tarehe 17 Machi 1999, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mbele ya Koplo Masinde.

Jina: Irungu Ng'ang'a
Umri: Miaka 31
Kazi: Mwandishi wa programu za kompyuta
Makao: Jericho, Nairobi

Nimekuja hapa kwa miguu yangu, sikuitwa wala kukamatwa. Lakini sina la kujivunia. Kavinya Mativo amekaa seli tangu Jumapili kwa kosa langu, na leo ni Jumatano.

Ninafanya kazi katika ofisi ya kompyuta na uchapaji karibu na soko la Jericho. Watu huja kuchapiwa barua na kadi za harusi. Mimi nina kazi nyingine ambayo nimejisifu nayo sana: nafungua faili za sauti zilizobanwa. Sauti ya kaseti ikiingizwa kwenye kompyuta inakuwa kubwa mno, haitoshi kwenye diski, kwa hivyo hubanwa. Ili isikike lazima ikunjuliwe. Nilipata maktaba ya kufanya hivyo. Afande ameniuliza ni maktaba gani. Si ya vitabu. Ni vipande vya programu ambavyo mtu mwingine ameshaandika, nawe unaviita ndani ya programu yako vikufanyie kazi. Kufungua faili na kuikunjua vinajua vyenyewe. Mimi niliongeza kurasa mbili tu, na mtaani nikajiita fundi.

Mnamo Alhamisi tarehe 11 Machi, saa nane mchana, Kavinya alikuja ofisini. Sikuwa nikimjua. Alinieleza kwamba baba yake, Mzee Mativo, mchongaji wa vinyago, alifariki mwezi wa pili. Kabla ya kufa alitoa wosia wa mdomo kuhusu shamba lao la Mbooni, naye Kavinya, ambaye ndiye aliyemuuguza, akamrekodi kwenye kaseti. Alisema baba alimpa kipande kilicho kando ya mto. Kaka yake, Mutie, alikuwa akisema binti hana fungu. Wote walikubali jambo moja, kwamba maneno ya mwisho ya mzee hayapingwi.

Kaseti ilitafunwa na redio. Kwa bahati mfanyakazi mwenzake huko Industrial Area alikuwa ameshaingiza sauti hiyo kwenye kompyuta, akaibana, akaiweka kwenye diski, kisha akaifuta kwenye mashine ya ofisi. Ikabaki diski moja. Ukoo ulikuwa umepatana kwamba watasikiliza wote pamoja, asitangulie mtu, na isitolewe nakala, maana mwenye nakala angeshukiwa kukata maneno. Nilikubali masharti hayo. Mtu wa kompyuta anayekubali kufanya kazi bila nakala ni sawa na fundi wa umeme anayeshika waya bila kuzima.

Jumamosi tarehe 13 Machi, saa nne na nusu asubuhi, walifika watu saba: Kavinya, Mutie, baba yao mdogo na jamaa wengine wanne. Waliketi kwenye mabenchi wakimngoja shangazi mmoja. Kavinya alinipa diski ikiwa imefungwa kwenye leso. Kile kidude cha pembeni kinachozuia diski isiandikwe, alikuwa amekifunga. Mimi ndiye niliyekifungua kwa ukucha. Kwetu kila diski ya mgeni husafishwa virusi kwanza, na programu ya kusafisha haiwezi kung'oa kirusi kwenye diski iliyofungwa. Haikuwa na kirusi. Sikukifunga tena.

Niliijaribu faili. Maktaba iliifungua bila shida na kuonyesha urefu wa dakika kumi na moja. Lakini mashine yetu ni ya zamani, haiwezi kukunjua sauti na kuicheza kwa wakati mmoja bila kukwama, nami sikutaka wazee wamsikie marehemu akigugumia. Shangazi alipofika, niliamua kuikunjua yote kwanza na kuiweka ndani ya mashine. Programu yangu inataka majina mawili. La kwanza ni la faili ya kufunguliwa. La pili ni la faili ya kuwekea sauti iliyokunjuliwa, na kama faili hiyo ina kitu, kinafutwa. Programu haiulizi kama una hakika. Niliiandika hivyo kwa sababu mtumiaji alikuwa mimi peke yangu, nami nilikuwa na hakika siku zote.

Baba mdogo wao alisema nyuma yangu, "Kijana, hiyo mashine imelala?" Wakacheka. Nikaharakisha, nikayaweka majina kinyume. Taa ya diski iliwaka kidogo tu. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na nne kwa saa ya mashine. Faili ya mzee ilikuwa na ukubwa wa sifuri.

Nilijua papo hapo. Nikasema, "Hii faili ni tupu. Imekuja tupu."

Kavinya alisema, "Haiwezekani. Nilisikiliza mwenyewe kazini, ilipokuwa ikiwekwa kwenye diski."

Mutie akamwambia, "Ulisikiliza, ama ulifuta ulipoona hakukutaja?"

Kavinya alinigeukia. "Fundi, si uwaambie." Niliangalia vitufe vya kompyuta. Niliitoa diski nikaiweka mezani, Mutie akaichukua.

Siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni, Mutie alirudi peke yake na diski. Alisema, "Boss, kama kuna njia ya kurudisha, jaribu. Hata kama mzee alininyima, mimi nataka tu kumsikia."

Njia ilikuwepo. Faili ikifutwa namna ile, mara nyingi sauti yenyewe bado imelala kwenye diski. Lakini kando ya jina la faili kulikuwa na tarehe na saa ya kufutwa, na saa hiyo walikuwa wote wameketi nyuma yangu, kwa hivyo kuirudisha kungeonyesha kwamba ni mimi niliyefuta. Nilimwambia Mutie angoje. Nikaipeleka diski kwenye mashine ya ndani, nikaijaza barua za wateja juu ya sauti hiyo hadi ikakataa zaidi, kisha nikazifuta zote. Nikamrudishia na kumwambia imeshindikana. Alinishukuru, akanipa mkono. Asubuhi nilikosea kwa haraka, afande. Jioni niliketi kitini nikafanya taratibu.

Jana saa nne asubuhi, Nduta tunayefanya kazi naye aliniambia, "Umeskia? Ule msichana wa diskette ako ndani tangu Jumapili. Bro yake amemripoti, ati alifuta mzee." Nikasema tumbo linaniuma, nikaenda nyumbani. Leo nimekuja hapa badala ya kwenda kazini.

Nilipoingia nilimkuta Kavinya akipiga deki kwenye ujia, askari amesimama karibu. Aliweka ndoo chini, akasema, "Fundi! Umekuja kunitetea? Mungu akubariki." Tangu nizaliwe sijaona aibu kama ile.

Nikiulizwa na afande kama nina hakika faili ilikuwa na sauti, nasema nina hakika, kwa sababu niliisikia. Hilo nalo nililificha. Nilipoijaribu nilivaa vidude vya masikioni, nikamtangulia kila mtu wakati masharti yalikuwa asitangulie mtu. Nilisikiliza kama sekunde tisa. Mzee alikohoa. Kisha akasema kwa Kikamba, polepole, nami Mkikuyu nikamwelewa, "Kavinya, umekula?" Nikazima kwa sababu baba mdogo alikuwa anasogea. Kuhusu shamba sikusikia neno, na sasa hakuna atakayesikia.

Nimesema yote niliyotenda, bila kulazimishwa na mtu. Nimesomewa maelezo haya na sina la kuongeza ila kwamba naona haya.

Sahihi: I. Ng'ang'a

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya mwenyewe na kumsomea shahidi, naye ameyatia sahihi mbele yangu. Shahidi anazuiliwa kwa mahojiano zaidi. Kavinya Mativo ametolewa seli saa tano kasoro robo na kuelezwa yaliyomo. Hakulia wala kumtukana shahidi. Ameomba shahidi ayarudie maneno ya marehemu jinsi yalivyotamkwa. Shahidi ameyarudia mara tatu.

Kpl. Masinde