Kwa Bwana Miwani Aliyesafiri Peke Yake

Bwana Miwani,

Salamu sikupi. Najua barua huanza kwa salamu, na mimi nimelelewa. Hata mtu niliyegombana naye asubuhi, tukikutana kisimani jioni namuuliza habari za nyumbani. Lakini wewe leo anza bila salamu, uone inavyokuwa.

Barua yako imefika Shinyanga. Imekuja dukani kwa Jivan, maana ndiyo anwani pekee uliyoikumbuka, na Jivan akatuma ujumbe nyumbani: "Saidi mpishi aje, bwana wake wa dhahabu amekumbuka watu." Nilikwenda mbio. Wallahi nilikwenda mbio, na sasa naona haya kuandika hivyo. Nilimchukua na mama yangu, nikamketisha juu ya gunia la mchele pale kwenye kivuli cha duka, nikamwambia, "Mayu, ni yule Mzungu wa Australia. Bila shaka ameandika habari za Luhende wetu." Mama akajifunga kitenge vizuri, kama anayengoja wageni.

Jivan akasoma Kiingereza chako kimoyomoyo, halafu akatupa kwa Kiswahili, kipande kwa kipande. Kwamba umerudi kwenu. Kwamba umenunua motokaa nyingine na umesafiri nayo kando ya bahari wiki nyingi, usiku unalala humo humo garini, mchana unatazama wanyama. Kwamba kuna mnyama anayesimama kwa miguu miwili na kubeba mtoto mfukoni. Kuna ndege wakubwa kama mbuni wanaokatiza barabara bila kuharakisha. Na kuna ndege wengine wadogo, hawaruki, wanatoka baharini jioni wakitembea kwa safu, weusi kwa weupe, kama wazee wanaotoka msikitini. Hapo nilicheka. Nilimwambia Jivan arudie, akarudia. Sikufichi kwamba nilifurahi, maana nilikuona vile vile nilivyokujua: kofia kisogoni, darubini shingoni, mdomo wazi, chai inapoa pembeni.

Kisha Jivan akafika pale. Umeandika kwamba upweke huo mzuri uliujifunza huku kwetu. Kwamba ulipotoka Shinyanga kwenda Geita kutafuta dhahabu, kupitia Kahama na Nyarugusu mpaka ukingoni mwa ziwa, ulikuwa peke yako, wewe na motokaa yako na viumbe wa porini. Kwamba sasa unaandika kitabu cha safari hizo mbili, ya huku na ya huko, safari za mtu mmoja. Na kwamba majina ya ndege na wanyama umeyasahau, kwa hiyo Saidi, tafadhali, niandikie, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, hasa wale korongo wenye taji tuliowaona kule kwenye mto mkavu.

"Tuliowaona," umeandika. Jivan mwenyewe alisita. Akasema, "Hapa bwana wako amejikwaa."

Mama yangu hakuwa amecheka kwenye wanyama wala kwenye ndege. Alikuwa anangoja. Akamuuliza Jivan, "Amesema peke yake?"

"Ndivyo alivyoandika, mama."

"Na Luhende wangu alikuwa wapi?"

Haya, Bwana Miwani. Mjibu. Jivan alijitia kupanga vibiriti ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Maana ulikuwa na watu wawili. Mimi nilikaa nyuma ya gari, juu ya mawe yako uliyoyakusanya kila kilima, na masufuria yakinigonga magoti. Na mdogo wangu Luhende, tumbo moja na mimi, alikwenda kwa miguu nyuma yetu, kwa sababu mawe yalikuwa na nafasi na yeye hakuwa nayo. Alibeba mzegani hema lako upande mmoja na lile beseni lako la turubai upande wa pili. Beseni la kuogea! Katikati ya pori la mbung'o unataka uoge umekaa. Na kila jioni, wewe ukiwa bado unalalamikia vumbi, Luhende alitokea kwenye miti akipiga mluzi, anatua mzigo, anasema, "Leo nimeona tandala watatu," nawe unaruka kutoka kitini. "Wapi? Wapi, Luhende?" Nani alikufundisha kujua pongo na swala kwa kwato zao? Nani alikushika mkono kimya kimya, ukatambaa kwa magoti mpaka ukawaona viboko na watoto wao? Ulimwita profesa. Mimi sikujua maana yake, nikamuuliza Jivan baadaye, akaniambia ni mwalimu wa walimu. Basi huyo mwalimu wa walimu leo ameyeyuka kwenye kitabu.

Sasa tuzungumze habari ya tawi, kwa kuwa wewe umeiruka.

Huku kwetu anayetangulia hukata tawi bichi na kulilaza juu ya njia ambayo hakuifuata. Anayefuata nyuma akiliona anajua: hii imefungwa, nipite ile nyingine. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Kila tulipofika njia panda nilishuka nikafunga njia kwa ajili ya Luhende, na kila mara ulinung'unika kwamba Saidi ananichelewesha na kazi yake ya bustani.

Mbele ya Nyarugusu tulifika panda, karibu na mto mkavu. Njia ya kulia ilikwenda vijijini, ya kushoto ilikwenda kwenye pori lisilo na maji, hakuna mtu anayekaa huko isipokuwa warina asali wakati wao. Nilifunga ya kushoto kwa tawi la mninga, kubwa, majani yanang'aa. Hatukwenda hatua hamsini gari likazama kwenye mchanga wa mto. Tukasukuma, gurudumu likazidi kuchimba. Ukatazama huku na huku, ukarudi nyuma unakimbia, ukaja unaliburuta tawi langu.

Nilikwambia. Usiniambie sikukwambia. "Bwana, hilo limefunga njia."

Ukacheka. "Njia haina mlango, Saidi." Ukalisokomeza chini ya gurudumu, gari likanguruma, likatoka.

Nikakata jingine, nakwenda kulirudisha, ukapiga honi. Ukapiga tena. Umewaona korongo ng'ambo, kundi zima, taji zao zinawaka kwa jua, na unaogopa wataruka kabla hujafika. Nikalitupa tawi pale pale nilipokuwa, juu ya njia tuliyoifuata. Nikapanda. Hapo na mimi nina langu, na sijawahi kumwambia mtu mpaka leo ninapoliandika hapa. Hatua hamsini tu, Bwana Miwani. Niliogopa honi.

Jioni ile hakupiga mluzi mtu. Ukasema atakuja kesho, labda amepata pombe kijijini. Luhende hakuwa mtu wa pombe na ulijua. Asubuhi nikakwambia nirudi nikamtazame, ukasema chai kwanza, halafu ukasema ngoja kidogo korongo wanacheza, na kweli walikuwa wanacheza, wanainamiana na kurukaruka wakikunjua mabawa, na wewe umelala kifudifudi unawatazama mpaka jua likawa la utosini. Nilisimama nyuma yako na birika mkononi. Mpaka leo siwezi kumtazama yule ndege.

Tulimtafuta siku ile na ya pili. Siku ya tatu warina asali wawili ndio waliotupeleka, ndani ya lile pori la kushoto. Alikuwa amekaa, ameegemea mti, kibuyu chake kikavu miguuni. Hema lako halikuwa na tundu. Beseni lako alikuwa amelikunja vizuri, amelifunga kamba yake, ameliweka juu ya jiwe ili mchwa wasilile. Mtu amekauka koo, anakufa, bado anatunza bafu lako!

Na hapa ndipo ninapokushikia, ndipo chuki yangu inapokaa. Laiti ungekuwa mtu mbaya, ningekusahau. Lakini ulichimba. Uliniambia nikae, ukachukua sururu yako ya kuchimbia dhahabu ukachimba mwenyewe mpaka mikono ikatoka damu. Ulivua kofia. Ulisoma kitabu chako cha sala, na ulipofika jina lake sauti ilikupotea, ukasimama, ukaanza tena. Mimi nimesilimu na yeye hakusilimu, sikujua nisome nini, nikasema amina kwenye maneno yako nisiyoyaelewa. Usiku huo homa iliponikamata ulinifunika blanketi lako, ukanipa kwinini, ukanipikia uji. Uji mbovu, una mabonge, lakini ulinipikia. Kwa hiyo hukusahau, bwana. Mtu hasahau kaburi alilolichimba. Umetazama, umeona Luhende anaharibu uzuri wa safari ya mtu mmoja, ukamtoa.

Umemtoa hata kwenye mto ule. Umeandika kwamba siku njema kuliko zote ilikuwa ile ya korongo, kwenye mto mkavu, peke yako. Ebo! Huna hata haya?

Majina unayoyataka ninayo. Yote. Ninayo kwa Kiswahili, ninayo kwa Kisukuma, ya ndege na ya wanyama, na ya miti waliyokuwa wakitua. Aliyenifundisha ndiye aliyekufundisha na wewe. Jivan alinishauri nikuandikie matusi badala yake, kila ndege nimpe tusi lake, yapigwe chapa huko kwenu watoto wa shule wayasome. Nilicheka, na nilianza, niliandika mawili. Mama akanizuia. Akasema, "Usimfanyie mzaha. Mwambie amwandike mwanangu."

Basi ndiyo hayo. Mama hataki kitu kingine kwako. Anataka kile kitabu kikitoka kiseme kwamba kulikuwa na mtu anaitwa Luhende, kwamba alitembea njia yote uliyoipita kwa gari, na kwamba alikufa kwa kiu kwa sababu wewe uliliondoa tawi na mimi sikulirudisha. Na langu liandike, silikimbii. Ukishaandika hivyo, nitumie ukurasa huo, Jivan ataupima neno kwa neno, na majina yako utayapata. Usipoandika, waite ndege wa baba zangu kwa namba.

Mimi huko kando ya bahari yenu sikukatalii. Tembea, tazama wanyama wenye mifuko, lala garini, kama kweli ulikuwa peke yako. Ila siku hizi nikikuwaza huko najiuliza ni nani aliyekuambia maji yako wapi, na kama naye hayumo kitabuni.

Bahasha hii sikuigundisha. Nimeisoma barua dukani mchana, watu wamejaa, wengine waliomjua Luhende na wengine wapita njia, na kila atakayeishika kuanzia hapa mpaka bandarini ana ruhusa ya kuisoma.

Jivan alitaka kuigeuza kwa Kiingereza chako, nimekataa. Kiswahili chako kilikuwa cha lete chai na sukuma gari, na hata hicho najua kimekwisha. Barua hii huwezi kuisoma. Itabidi utoke utafute mtu, umwombe, ukae mbele yake kitini, umsikie mgeni kabisa akilitamka jina la Luhende kwa sauti, tena na tena, na wewe huna honi ya kumnyamazisha.

Mimi,
kaka yake Luhende