Nafasi ya Mama Mmoja

Mpendwa Mama Mdogo,

Unakumbuka siku ile ulipokuja ofisini kwangu Kisumu na mfuko wa karanga? Krismasi nzima nilikuwa nimewaringia kule nyumbani kuhusu kompyuta ya kampuni, basi ukaja kujionea. Ukaketi mbele yake, mkoba mapajani, ukitazama zile herufi za kijani. Nikakufungulia ukurasa wangu: jina langu, jina la Baba, jina la Mama, na kando ya kila jina neno moja, hai au marehemu.

“Na mimi niko wapi hapo?”

“Nafasi ni ya mama mmoja tu, Mama Mdogo.”

Ulicheka mpaka mlinzi akachungulia. “Kwani hawa watu wametengeneza hii kitu walilelewa na nani?”

Mimi nililelewa na wewe. Mama alipojifungua Opiyo na Odongo nilihamia nyumba yako, eti kwa muda tu mpaka mapacha wapate nguvu. Sikurudi tena. Uliniachia kichwa cha ngege kila tulipokula samaki, na kabla ya kanisa ulinisugua visigino kwa jiwe mpaka nikalia. Mama alikuwa akiita kutoka nyumba yake, “Huyo mtoto anakula kwako au kwangu?” Nawe unamjibu, “Analala kwangu. Kula, ale popote.” Watu walingoja wake wenza hao wagombane, wakangoja mpaka wakachoka. Wewe hukujaliwa mtoto, lakini sikumbuki siku niliyohisi mimi ni wa kuazimwa.

Na ile kompyuta niliipenda, sitaficha. Kabla yake ofisi yetu ya kuuza nyavu ilikuwa vurugu tupu, faili sakafuni, ruhusa zinatolewa kwa mdomo. Niliingiza kila kitu, hata mambo yangu: wiki ya kupanda mahindi, arusi za binamu, siku ya kukuletea dawa ya presha. Meneja alilalamika kwamba kila Ijumaa kuna mama amekufa, na wengine wamemzika mama yuleyule mara mbili. Akamwambia fundi aweke kufuli: mtu akishaandikwa marehemu, mstari wake unafungwa, hafufuki. Mimi nikaona ni akili nyingi sana. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ulipofariki, likizo yangu yote ilikuwa imeishia kando ya kitanda chako hospitalini. Mazishi yakapangwa Jumamosi. Nikaenda kwa meneja kuomba ruhusa ya msiba.

“Kwa kompyuta huyu si mama yako,” akasema.

“Ndiye alinilea.”

“Najua, madam. Lakini nikikupa wewe, kesho watu wa stoo watakuja na mama watatu watatu.” Kisha akateremsha sauti. “Si wewe ndio unashika hiyo mashine? Weka mama yako marehemu, uende uzike. Nani ataangalia?”

Nilirudi nikaketi mbele ya jina la Mama. Kidole kilikataa. Kwetu humtangazii mzazi kifo akiwa anapumua. Hiyo ni kujitafutia chira, laana ambayo haina dawa ya dukani. Nikiondoka bila ruhusa, kazi imeisha, na mshahara huo ndio uliowasomesha mapacha. Nisipokwenda, nani atatupa udongo kaburini mwako kama mtoto wako? Nilikuwa na hasira na kila kitu, hata na wewe kwa kufa wiki ile.

Alhamisi Mama akatokea ofisini mwenyewe, macho yamevimba kwa kukulilia. Nikamweleza yote.

“Hapo nimeandikwa niko hai?”

“Ndiyo, Mama.”

“Niandike nimekufa.”

“Siwezi.”

“Nyathina, mwanangu, mimi niko na nyinyi wengi. Mwenzangu hana mwingine. Andika.”

Nikaandika. Hajui kusoma, akauliza kama tayari. Nikasema tayari. Akachukua mkoba wake akasema twende tukamzike.

Nilikuzika, Mama Mdogo. Nilitupa udongo nikiwa mbele, mahali pa mtoto, na marehemu wangu wa kwenye kompyuta alikuwa kando yangu akilia kuwashinda wote.

Miaka imepita. Meneja yule alihamishwa, na kompyuta tumebadilisha, lakini kurasa zilihamia na kufuli lake. Kila mwisho wa mwezi nikifungua wangu naona lile neno kando ya jina la Mama. Nimejaribu kulifuta mara nyingi, huku nimeufunga mlango wa ofisi kama mwizi. Linakataa.

Sasa Mama anaumwa. Miguu imevimba, pumzi haimtoshi, na jana Odongo alipiga simu ofisini kusema ananiulizia. Meneja mpya ni mtu mpole. Nilipoomba ruhusa alifungua ukurasa wangu, akaniangalia kwa huruma. “Madam, si mama ulishazika?” Nikarudi mezani kwangu. Nikimwambia ukweli nimejifukuza kazi kwa udanganyifu, na dawa za Mama ni mshahara huohuo. Likizo yangu inaanza Jumatatu. Mpaka hapo niko kwenye kiti hiki, natazama ukuta, na kila simu ikilia nadhani ni Odongo. Naogopa, Mama Mdogo. Naogopa kwamba mkono huu ndio uliomwita ugonjwa. Na hata kama chira ni maneno tu ya wazee, akienda leo sina hata siku moja ya msiba ya kumlilia.

Siku ile alikubali kufa ili usizikwe bila mtoto. Wewe ndiye mwenzake. Mbishane kama zamani, mchekeshe, mcheleweshe. Akibisha hodi kwako kabla sijafika kwake, tafadhali usimfungulie.

Mwanao,
wa nyumba kubwa