Kila Ijumaa Mausi Zinakwama

Jumatatu, 5 Aprili 1999

Shule zimefungwa, chumba kimejaa! Kompyuta nne, vijana tele, wengine wamekaa mkekani wakingoja zamu. Mama kachungulia kutoka ukumbini, akasema nyumba yake imegeuka stendi ya mabasi. Lakini alikuwa anacheka. Gemu ya vifaru imewapagawisha – huyu anamlipua yule kupitia waya, na yule yuko kiti cha pili tu! Wanatukanana uso kwa uso.

Mausi ndizo zinazoumia. Vijana wa Kisauni hawabonyezi, wanapiga. Kitufe cha kushoto ndicho kinachofyatua mzinga, basi kinatwangwa kama kisamvu. Leo nimefungua moja, nikang'oa swichi ya kulia ambayo haina kazi, nikaichomelea upande wa kushoto. Imepona. Sidi kasema nina mikono ya daktari. Nimefurahi mpaka nimeona haya.

Sidi wangu! Tangu Form One tuko pamoja. Mimi nina mashine alizonitumia Mjomba Boga kutoka Dubai, yeye ana mchezo wenyewe – hakuna kijana huku kwetu anayemshinda kwa vifaru. Ndiye anayewafundisha, ndiye wanayemfuata. Mjomba kapiga simu tena. Maneno yale yale: niendeshe hadi shule zifunguliwe, chumba kisiposimama anazichukua mashine zake auze. Nikamwambia kitasimama. Miaka miwili nimekaa bure nyumbani nikingoja posa ambazo sizitaki. Nitaolewa na mashine hizi kama hapana budi.

Ijumaa, 9 Aprili

Mausi zimekwama. Zote nne!

Jana jioni nilizifunika kanga zikiwa zinateleza vizuri. Leo unasukuma kulia, mshale unatetemeka pale pale. Waliokuja baada ya swala wamejaribu, wameguna, wametazamana. Kundi zima likaondoka kwenda Kongowea, kwa Erastus. Huyo kafungua chumba chake kando ya soko mwezi jana tu. Ana feni, ana soda baridi. Mausi zake hazikwami.

Nimetoa gololi zote. Vile vigurudumu vya ndani vimeshika utando wa kunata, unang'ang'ania. Mabuyu! Hapana jingine. Wanakula mabuyu, vidole vyekundu, sukari tupu, halafu wanashika mausi yangu. Nimekwangua kwa kijiti cha kiberiti, nimefuta kwa pamba na spiriti, gololi nimeziosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Sidi alichukua moja kabla sijaiosha. Akaigeuza, akainusa. Nikamwuliza vipi? Hamna kitu, akasema, akairudisha sahanini.

Jumamosi, 10 Aprili

Nimebandika tangazo mlangoni. Mabuyu marufuku. Viazi karai marufuku. Ndoo ya maji na sabuni pale pale, hakuna kuingia na mikono michafu. Jefwa, ambaye mdomo wake haufungi, kaniuliza mbele ya watu: "Dada Rusi, twaja kucheza ama twaja kutawadha?" Wote wakaangua kicheko. Nawa, nikamwambia, au rudi kwenu! Kanawa.

Sina imani nao hata kidogo. Mwezi jana mmoja wao alipaka gololi mafuta ya nazi ili iteleze. Iteleze! Ilikusanya vumbi lote la Kisauni kufikia alasiri.

Alasiri kaja Erastus mwenyewe. Shati limepigwa pasi, maneno laini. Anataka mashindano, chumba chake na changu, wachezaji wawili wawili, Jumamosi ijayo. Nilisitasita. Lakini Sidi alidakia: sawa, ila yawe hapa kwetu, wageni waje watuone. Amenena vizuri. Tukishinda, vijana wote waliotuhama watarudi, na likizo itakwisha chumba kimesimama. Tukishindwa – sitaki hata kuandika.

Mimi na Sidi ndio tutakaocheza. Jefwa akiba.

Jumanne, 13 Aprili

Mvua. Umeme umekatika, umerudi, umekatika. Mausi ziko safi, zinakwenda zenyewe. Tumefanya mazoezi kila taa iliporudi. Sidi ananifokea kama mwalimu wa gwaride: usivute mkono mzima, zungusha kiganja tu! Kiganja kinaniuma. Raha tupu.

Alhamisi, 15 Aprili

Magharibi Mama kafukiza nyumba, kama kila siku ya kuamkia Ijumaa. Udi na ubani, moshi mpaka darini. Kwa kawaida Sidi hukohoa, akakimbilia uani – kwao Kaloleni hawana mambo haya, huenda kanisani wakarudi. Leo hakukimbia. Nilipomaliza kuswali nimemkuta jikoni na Mama, wanachekeshana, yeye anakuna nazi. Nimesimama mlangoni nikawatazama. Nimewapenda wote wawili.

Ijumaa, 16 Aprili

Zimekwama tena!!

Hakuna aliyekula buyu. Hakuna! Nilisimama mlangoni wiki nzima kama askari jela. Na asubuhi hii hata mteja wa kwanza alikuwa hajaingia, nimefunua kanga – zimeshika, hazitaki kwenda. Basi kuna mkono wa mtu. Nani? Nimemtazama Jefwa vibaya mpaka kajitetea bila kuulizwa. Wallahi si mimi, Dada Rusi.

Sidi anasema labda ni feki tu, vitu vya Dubai vyote feki. Nimemjibu kwa ukali. Feki haichagui Ijumaa! Kainama kufunga kiatu.

Nimezisafisha zote upya. Mchana kutwa. Spiriti ikaniishia nikaenda kuitafuta Bombolulu, duka hili hakuna, duka lile wamefunga, nimerudi Isha imeshaadhiniwa. Nimemaliza ya mwisho. Nimezijaribu moja moja – zinateleza. Nimezifunika. Mlango wa barabarani nimeufunga kwa kufuli, ufunguo niko nao. Ule wa ndani hauna kufuli, lakini ndani yumo Mama tu, na alikuwa kashalala.

Nimeandika uongo. Sikumaliza ya mwisho. Na nyingine mbili nilizisafisha kabla ya kwenda Bombolulu na sikuzifungua tena niliporudi. Nilizijaribu juujuu nikiwa nasinzia. Haidhuru, zilikuwa safi nilipotoka.

Jumamosi, 17 Aprili

Sitaki kuandika. Nitaandika hivyo hivyo.

Sidi hakuja asubuhi. Nikajua foleni, nikajua mvua. Chumba kikajaa mpaka dirishani, watu wamening'inia kwenye nondo. Ndipo Erastus akaingia, na nyuma yake kijana mmoja mrefu, na nyuma ya huyo kijana – Sidi. Blauzi mpya. Hakunitazama. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha upande wao.

Nikadhani utani. Wallahi nilicheka! Nikamwambia, we Sidi, umekosea kiti.

Akafungua mkoba. Akatoa leso, ndani ya leso akatoa mausi. Kijana mrefu naye akatoa yake mfukoni. Mashine zilikuwa hazijawashwa, wakachomoa zangu, wakachomeka zao, tayari! Nikauliza ndiyo nini hii. Erastus akasema kwa upole kwamba hakuna sheria inayokataza mtu kuja na mausi yake.

Mtu hutembea na mausi mkobani kama kitana? Hutembea nayo anayejua kitakachomkuta aendako.

Nimemweka Jefwa kando yangu. Tukawasha. Nimesukuma mausi – ile ambayo nilidhani ni safi – na kifaru changu kikazunguka mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa kamba. Ya Jefwa ilikuwa afadhali kidogo, akapigana kiume. Mimi nilikuwa nimekaa tu nasubiri kulipuliwa, na aliyekuwa ananilipua ni Sidi. Kila mara Sidi. Kila ninachokijua kwa gemu ile kanifundisha yeye, na hakunisaza hata mara moja. Watu wakaanza kucheka. Halafu wakaacha kucheka, na hapo ndipo pabaya zaidi.

Nimemfuata mlangoni. Nikamshika mkono. Kwa nini, Sidi?

"Kanipa chumba kizima nikisimamie, Rusi. Hapa kwako mimi ni nani? Mashine zenu, nyumba yenu. Mimi ni wa kuja kuchekesha vijana."

Ungeniambia.

"Ningekwambia ungelia. Nami ningebaki."

Akautoa mkono wake taratibu, akavuka dimbwi, akaenda. Vijana wakamfuata. Ndoo ya kunawia wakaipiga teke njiani, sijui kwa makusudi.

Jumapili, 18 Aprili

Sijala. Mama anadhani ni homa.

Nilikuwa nawaza usiku wote: aliingiaje? Ufunguo ninao mimi. Basi leo nimechukua mausi zote, sinia, pamba, nikatoka kukaa barazani. Mvua ilikuwa imekatika, hewa imeoshwa. Nikatoa gololi ya kwanza, nikaisogeza karibu kuutazama ule utando.

Ikanuka udi.

Nikanusa ya pili. Udi na ubani. Ya tatu. Nimezisafisha mausi hizi sijui mara ngapi, ndani ya chumba kile, na sikuwahi kusikia harufu! Ningeisikiaje? Pua yangu imezaliwa ndani ya moshi huo. Kwangu mimi hiyo si harufu, ndiyo nyumba yetu yenyewe. Ilihitaji pua ya mgeni. Na mgeni aliinusa, mbele yangu, akasema hamna kitu.

Nimeingia ndani. Nikamwuliza Mama kwa sauti ya kawaida – hivi unapofukiza, na chumba cha kompyuta unafukiza? Akafurahi kuulizwa! Anafukiza tena sana, akasema, tangu vijana walipoanza kujaa. Hufunua ile kanga, akatia chetezo chini yake, moshi ukawa humo humo kama nguo za bi harusi. Macho ya watu ni mengi, mwanangu, na wewe umejaaliwa.

"Na juzi Ijumaa si aliniambia Sidi? Alipita ukiwa dukani, akaniambia: Mama, kesho watakuja watu wa kila aina, fukiza na leo, usiiruke hata moja. Yule mtoto! Si dini yake, si ada yake, lakini ana mapenzi nawe."

Nikasema ndiyo, Mama.

Sikusema zaidi. Nimejaribu. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini nilimwona anavyonitazama – Mama hajui kompyuta ni nini, hajui Kiingereza, hawezi kusoma hata tangazo langu la mlangoni. Msaada aliokuwa nao ni huo mmoja, na ameutoa wote. Nimwambie kwamba ndio ulioniua?

Kwa hiyo nimwachie nani hasira yangu! Nimepiga ukuta. Kiganja kile kile cha mazoezi.

Na nikitafuta kitu cha kumshika nacho Sidi, sioni. Hakuiba. Hakuvunja. Hakugusa hata mausi moja. Alijua tu, akanyamaza, kisha akamtuma mamangu.

Jumatatu, 19 Aprili

Kaja Jefwa peke yake. Kacheza na kompyuta. Kaondoka.

Nimemwomba Mama asifukize chumba kile tena, nimesingizia Jefwa ana pumu. Kamsikitikia Jefwa, anataka kumpikia tangawizi.

Mausi zote nne ni safi. Hakuna wa kuzishika. Mjomba atapiga simu wiki hii, nami sijui nitamwambia nini.

Jumanne, 20 Aprili

Yuko hapa.

Naandika nikiwa chumbani kwangu, mlango nimeurudisha. Nimesikia hodi, nimesikia shikamoo Mama, nimesikia marahaba ndefu ya furaha. Kaleta kuku wa kienyeji. Mama anamwambia amekonda. Kikombe kinagonga sahani. Anakunywa chai yetu!

Mama kamwuliza mbona hatumwoni. Kajibu bila kusita, sasa yuko Kongowea, kazi nyingi. Halafu akaingia alichojia: Erastus yuko tayari kuzichukua kompyuta zote nne, azungumze na Mjomba mwenyewe, chumba kifungwe kwa heshima, Rusi apumzike. Maana mausi zile, Mama, zimemsumbua sana.

 Nimesogea mlangoni.

"Kwani hizo mausi zina nini hasa, mwanangu?" Mama anauliza. "Yeye haniambii. Kama kuna dawa, tufanye."

 Nimengoja. Wallahi kuna sehemu yangu ilitaka aseme, ayatoe yeye, nimalizane naye hapo hapo mbele ya kuku wake.

"Muulize Rusi, Mama," Sidi akasema. Sauti tamu. "Yeye ndiye anayezijua."

Ananijua vizuri. Anajua nikimfichua yeye, lazima niutaje moshi, na nikiutaja moshi nimemfichua Mama kwa Mama. Anajua nitakuja, nitakaa, nitammiminia chai nyingine. Kaja na kuku kwa sababu anajua.

Mama kaniita. Nimeitika abee.

Kaniita tena. Njoo, mwenzio anakungoja, uje utwambie hizo mausi zina nini. Nimeitika abee, na bado nimekaa.