Nirudishie Dua Zangu

Kitendawili, Noori shoga yangu! Hunipokea mlangoni kwa sukari, hunifukuza mlangoni kwa maradhi. Ni nani?

Daktari Waqas! Yule yule wa magonjwa ya akili! Sisi mahijra, tuliozaliwa wanaume tukaishi kike, ndio tuliomchezea ngoma na kumwombea dua mwanawe alipozaliwa, naye akatupa sukari!

Nimempelekea Mehtab, mjukuu wangu wa kulea, hijra mwenzetu. Hali chakula, halali usiku, asema afadhali afe. Daktari akamuuliza, "Unataka kuishi?" Kabla hajajibu, akanigeukia: "Bibi, mrudisheni kwa kaka zake wamwozeshe mke."

Wamwozeshe mke! Mbele ya wagonjwa wote! Na anajua kaka zake ndio waliomvunja mkono.

Nikamwambia, "Basi nirudishie dua zangu!"

Ndani ya bajaji Mehtab kanishika shungi. "Bibi, nataka kuishi. Tutafute daktari mwingine."