Friji Inatoka Ijumaa

Jumapili, 9 Juni

Kikao cha harusi kimeisha na harusi imeahirishwa tena! Mara ya tatu. Baba mkubwa, mwenyekiti, anasema ukumbi anaoutaka haupatikani mpaka mwakani, na yeye hawezi kuwaalika watu wazima mahali pa kubanana. Wote wakaitikia. Mimi, bibi harusi, nilikuwa jikoni nasuuza vikombe — nani aniulize?

Baba amekula harusi za watu miaka yote, anatamani siku moja na yeye aseme karibuni. Namwonea huruma. Lakini mwakani!

Nimempigia mchumba wangu, Fundi. Nikamwambia basi, twende kwa msajili wa ndoa, sisi na mashahidi wetu tu. Tangazo letu lilishabandikwa pale tangu tulipodhani harusi ni mwezi huu. Kisha akasema sawa. Nimeduwaa. Ni mimi kweli niliyesema vile?

Jumanne, 11 Juni

Nyumba hii huwezi kupiga simu bila mtu kudaka nusu yake. Kwa hiyo tuna lugha yetu. Fundi anatengeneza mafriji, basi ndoa tunaiita friji. Leo nimesimama katikati ya sebule, nimesema kwa sauti: friji inatoka Ijumaa saa nne, usichelewe na pikapu. Mama hata hakuinua kichwa! Nilikwenda kucheka bafuni.

Kazini kwa dobi nimempa siri Bi Pasi. Tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kuunguza nguo hata moja. Ameshtuka mpaka kaunguza kola ya mteja! Lakini amekubali kuwa shahidi. Wa pili ni rafiki yake Fundi wa karakana, Fundi anasema ameshamwambia. Nimenyoosha magauni ya maharusi wa watu mpaka basi. Langu ni rangi ya maziwa, la magotini, nimelificha kati ya makoti ya wateja.

Alhamisi, 13 Juni

Chakula hakipiti. Baba kaniuliza, "Mama, unaumwa?" Akanimenyea chungwa kama nilipokuwa mdogo, akatoa na nyuzinyuzi zote. Nimelila lote bila kumtazama usoni.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika kwenye benchi, ofisi ya msajili.

Saa nne pikapu imefika. Natoka na mkoba wangu — Mungu wangu! Baba kibarazani na friji! Friji ya mama, ile iliyokufa zamani, tunayowekea masufuria. Kaifunga kamba, jasho linamchuruzika. Eti alinisikia Jumanne. Mkwe kaona haya kumwambia mwenyewe, lakini yeye kashaelewa kwamba anataka kuitengeneza, na amefurahi sana. Fundi mdomo wazi. Tukaipakia. Tungefanyaje?

Halafu akapanda mbele! Friji haiendi bila mwenyewe, anasema. Mimi katikati na gauni langu la maziwa, yeye anaangalia viatu vyangu. Na baba huyu ameendesha basi la shule mpaka kustaafu, hakuna kona ya mji asiyoijua. Njia panda Fundi akasita. Nyuma wakaanza honi. Nikasikia sauti yangu inasema: kulia.

"Karakana ni kushoto," baba akasema.

Fundi akakata kulia. Tulipoegesha baba akakisoma kibao cha ofisi, chote, midomo ikicheza. Nikajua sasa atafoka. Akashuka, akakagua kamba za friji, akaja kukaa benchi hilihili, mwisho kule.

Bi Pasi amefika. Rafiki yake Fundi, hapana! Fundi kampigia, na simu yake ile inapayuka, tumesikia sote: jamaa yuko karakana, ameandaa mitungi ya gesi, anasubiri friji! Fundi alimwambia kwa lugha yetu, akasahau kumfafanulia. Bi Pasi kajifunika uso kwa kanga. Baba ameinua kichwa taratibu. "Kumbe ndiyo hiyo friji," amesema. Natamani benchi linimeze.

Karani ametoka kuuliza shahidi wa pili yuko wapi. Bila yeye leo haifungwi ndoa. Fundi ananitazama. Mimi natazama sakafu.

Baba ameuliza, bila kunigeukia, shahidi anatakiwa awe na nini.

Kitambulisho tu, mzee, karani amejibu.

Amesimama. Anapapasa mfuko wa shati. Mtupu. Wa suruali — simu yake inaita. Ni baba mkubwa, namsikia mpaka huku, anauliza leo kajificha wapi, kuna ukumbi mwingine waende kuutazama.

Baba ananitazama mimi. Mkono mmoja bado uko mfukoni.

"Kaka, nitakupigia," anasema. "Niko kwenye shughuli ya friji."